Je, vidonge vya presha vinamaliza madini mwilini?

"Daktari, mimi ni mama mwenye umri wa miaka 58. Nina presha na kisukari. Kwa miaka sita sasa ninameza asubuhi kidonge kimoja chenye losartani miligramu 100 na haidroklorotiazaidi miligramu 25, na usiku amlodipini miligramu 5. Kwa ajili ya sukari ninatumia metformini mara mbili kwa siku, na magoti yakinisumbua huwa ninameza diklofenaki. Miezi ya karibuni ninabanwa na misuli ya mashavu ya miguu usiku hadi naamka, vidole vya miguu vinakufa ganzi, na nyayo zinawaka moto. Nimesoma kwamba dawa za presha humaliza madini na vitamini mwilini, na nikashauriwa kununua vidonge vya potasiamu, magnesiamu, kalsiamu na zinki. Nimevinunua lakini sijaanza kuvitumia. Mara ya mwisho kupimwa damu, ukiacha kipimo cha sukari, ni karibu miaka miwili iliyopita. Je, nianze vidonge hivi, au niache kabisa dawa za presha ili mwili upumzike?"

Shikamoo, mama. Umefanya vyema kuuliza kabla ya kuvifungua vidonge hivyo, na nitakuomba uviache vilivyo mpaka utakapopimwa damu. Dawa zako za presha endelea kuzimeza kama ulivyoandikiwa, leo usiku na kesho asubuhi. Haya mawili nimeyatanguliza kwa sababu ndiyo yanayotakiwa kutekelezwa leo. Yanayofuata ni maelezo ya kwa nini nasema hivyo.

Nikiuelewa vizuri wasiwasi wako, unahofia kwamba dawa zinakunyang'anya madini, kwamba kubanwa kwa misuli na ganzi ni matokeo ya upungufu huo, na kwamba tiba yake ni ama kuongeza madini ama kuachana na dawa. Hofu ya kwanza ina ukweli, lakini ni ukweli unaohusu baadhi ya dawa tu. Ya pili inawezekana kuwa kweli kwa sehemu ndogo. Ya tatu ndiyo inayonitia shaka, kwa sababu katika vidonge ulivyonunua kuna aina mbili, potasiamu na kalsiamu, ambazo mtu anayetumia mchanganyiko wako wa dawa anaweza kudhurika nazo hata kama mtu mwingine mwenye presha angezimeza bila tatizo.

Tuanze na figo, maana sehemu kubwa ya habari hii hutokea huko. Kwa siku moja figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu, kisha hurudisha zaidi ya asilimia 99 ya majimaji hayo mwilini, na ndiyo sababu mkojo wa kutwa huwa lita moja au mbili tu. Majimaji yaliyochujwa hupita ndani ya mirija myembamba mno, na kila kipande cha mrija kina milango yake ya kurudisha chumvi na madini kwenye damu. Dawa za kuongeza mkojo hufunga mmoja wa milango ya sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi. Haidroklorotiazaidi, pamoja na ndugu zake bendrofluazaidi, klothalidoni na indapamaidi, hufunga mlango ulio karibu na mwisho wa mrija, mahali ambapo asilimia 5 hivi ya sodiamu iliyochujwa hurudishwa. Furosemaidi hufunga mlango wa kipande kilichotangulia, ambako karibu robo ya sodiamu yote hurudishwa. Ndiyo maana inakojoza kwa nguvu zaidi na hutumika mno kwa wagonjwa ambao mwili umejaa maji, kama wale ambao moyo umeshindwa kufanya kazi yake sawasawa.

Sodiamu iliyofungiwa mlango huendelea na safari hadi kipande cha mwisho cha mrija, na hapo mwili hujaribu kuiokoa kwa njia ya kubadilishana: sodiamu inarudi ndani, potasiamu inatoka na mkojo. Mabadilishano hayo yako chini ya homoni iitwayo aldosteroni, inayotengenezwa na tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Dawa inapopunguza maji mwilini, mwili hujiona umepungukiwa na kuongeza aldosteroni, na potasiamu huzidi kutoka. Kutokana na hilo utaona jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi: mtu anayemeza dawa ya kukojoza huku akila chumvi nyingi anapeleka sodiamu nyingi zaidi kwenye kituo hicho cha mwisho, kwa hiyo anapoteza potasiamu zaidi kuliko mwenzake anayekula chumvi kidogo na kumeza kidonge kilekile. Shirika la Afya Duniani linapendekeza chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai kwa kutwa nzima, ikihesabiwa pamoja na ile iliyokwisha kutiwa katika vyakula vya viwandani. Kwa mtu aliye kwenye haidroklorotiazaidi, kupunguza chumvi kunashusha presha na wakati huohuo kunalinda potasiamu, na sijui kidonge cha nyongeza kinachofanya yote mawili.

Magnesiamu nayo hupotea kwa dawa hizi, na hasara yake ina ugumu wa pekee. Chini ya asilimia 1 ya magnesiamu ya mwili ndiyo inayokaa kwenye damu inayopimwa maabara. Iliyobaki imo ndani ya mifupa, misuli na viungo vingine. Kwa hiyo kipimo kikionyesha magnesiamu iko chini, amini kwamba iko chini, lakini kikionyesha iko sawa, hakijathibitisha kwamba akiba imejaa. Zaidi ya hayo, magnesiamu ikipungua ndani ya chembe za figo, njia ya kutolea potasiamu hubaki wazi, na mgonjwa anaweza kupewa potasiamu wiki baada ya wiki bila kiwango kupanda mpaka magnesiamu irekebishwe kwanza. Daktari anayeona potasiamu inakataa kupanda anapaswa kuuliza habari za magnesiamu.

Zinki pia hutoka kwenye mkojo kwa kiasi fulani, lakini kwa mtu anayekula mlo wa kawaida, mara chache hasara hiyo hufikia kiwango cha kuleta ugonjwa. Vidonge vya zinki vyenye dozi kubwa vikitumiwa kwa muda mrefu huzuia mwili kufyonza madini ya shaba, na upungufu wa shaba huleta upungufu wa damu na kuharibu mishipa ya fahamu. Ukifikiria kwamba tayari una ganzi miguuni, utaelewa kwa nini sipendi uongeze kitu kinachoweza kuizidisha.

Sasa kalsiamu, ambayo ndiyo inayowachanganya watu zaidi. Yule anayetumia furosemaidi hupoteza kalsiamu kwenye mkojo. Wewe unayetumia haidroklorotiazaidi mambo yako ni kinyume chake: dawa yako huifanya figo irudishe kalsiamu zaidi kwenye damu. Kwa sababu hiyo dawa za jamii hii hutumika hata kuzuia baadhi ya mawe ya figo, na katika utafiti mkubwa uitwao ALLHAT, uliofanyika Marekani na nchi jirani na kuhusisha watu zaidi ya 33,000 wenye presha, waliopangiwa klothalidoni kwa jumla walivunjika nyonga mara chache kuliko waliopangiwa amlodipini au lisinoprili, dawa nyingine ya presha. Kwa hiyo dawa inayosemwa kwamba inakumalizia madini ya mifupa ndiyo hiyo hiyo inayoyatunza. Ukimeza juu yake vidonge vya kalsiamu, hasa vyenye vitamini D nyingi, kalsiamu ya damu inaweza kupanda kupita kiasi, ukaanza kuona kiu, kukojoa mara kwa mara, kufunga choo, uchovu, na ikizidi sana, akili kuchanganyikiwa. Kama kuna sababu nyingine ya kukupa kalsiamu, kwa mfano mifupa iliyopungua uimara, hilo linawezekana, lakini lifanywe na mtu anayejua dawa unazotumia na atakayekupima tena.

Hadi hapa nimeeleza nusu tu ya kidonge chako cha asubuhi. Nusu ya pili ni losartani, na losartani huivuta potasiamu upande wa pili. Dawa hii huzuia kemikali ya mwili inayoamrisha aldosteroni itengenezwe. Aldosteroni ikipungua, yale mabadilishano ya mwisho wa mrija hupungua, na potasiamu hubaki mwilini. Enalaprili, lisinoprili na kaptoprili hufanya hivyo pia kwa njia inayokaribiana. Spironolaktoni hufanya hivyo kwa nguvu zaidi kwa sababu huizuia aldosteroni yenyewe mahali inapofanyia kazi. Kuunganishwa kwa losartani na haidroklorotiazaidi ndani ya kidonge kimoja kuna faida hiyo: kila moja husaidia kushusha presha, na moja hupunguza athari ya mwenzake kwenye potasiamu. Kwa wagonjwa wengi wanaotumia mchanganyiko huu, potasiamu hubaki ndani ya kiwango cha kawaida, ambacho maabara nyingi huandika kuwa 3.5 hadi 5.0 milimoli kwa lita.

Kwa wengi, lakini si kwa wote. Haidroklorotiazaidi miligramu 25 kwa baadhi ya watu hushinda, potasiamu ikashuka. Kwa wengine, hasa wenye kisukari cha muda mrefu ambacho kimeanza kuathiri figo, losartani hushinda, potasiamu ikapanda. Wewe una kisukari, na unameza diklofenaki, dawa ambayo hupunguza damu inayoingia kwenye figo na kuzuia figo kutoa potasiamu. Kwa maelezo yako tu, bila kipimo, siwezi kukuambia kama potasiamu yako iko chini, iko sawa, au iko juu, na mtu yeyote anayekuambia kwamba anajua anabahatisha. Potasiamu iliyoshuka na potasiamu iliyopanda zote hudhoofisha misuli na zote huvuruga mapigo ya moyo. Iliyopanda huweza kufika hatua ya hatari bila mgonjwa kuhisi chochote. Ndiyo sababu nimekuomba usifungue kile kidonge cha potasiamu. Kwa sababu hiyohiyo, kuwa mwangalifu na chumvi mbadala zinazouzwa kwa ajili ya wenye presha, kwa kuwa nyingi zimetengenezwa kwa kloraidi ya potasiamu, na kijiko chake kwa mtu wa losartani ni dawa isiyoandikwa na daktari.

Amlodipini yako haijathibitishwa kuleta upungufu wa madini au vitamini. Ina usumbufu wake, kama kuvimba vifundo vya miguu na kwa baadhi ya watu ufizi kunenepa, lakini madini haiyagusi.

Kwa kuwa umesoma kwamba "dawa za presha" kwa ujumla humaliza virutubisho, nitagusia jamii nyingine kwa ufupi. Haidralazini hujifunga na vitamini B6 na, kwa dozi kubwa, huweza kuleta ganzi inayotibika kwa kuongezewa vitamini hiyo. Ni athari halisi ingawa ni nadra. Furosemaidi ya muda mrefu huongeza utokaji wa vitamini B1 kwenye mkojo, jambo linalostahili kufikiriwa kwa wazee wenye moyo dhaifu wanaokula kidogo. Kaptoprili imehusishwa na kupotea kwa zinki na kubadilika kwa ladha mdomoni. Atenololi na propranololi hupunguza melatonini, homoni ya usingizi ya usiku, na baadhi ya watumiaji hulala vibaya. Madai kwamba dawa hizi mbili za mwisho humaliza kiini kinachoitwa koenzaimu Q10 yanategemea zaidi majaribio ya maabara kuliko wagonjwa waliofuatiliwa na kuonekana kupungukiwa hadi kuumwa. Ninachokilalamikia kuhusu majedwali yanayosambazwa juu ya jambo hili ni kwamba huweka athari iliyothibitishwa kwa miongo kadhaa kwenye mstari mmoja na dhana iliyotoka kwenye kichupa cha maabara, kisha mbele ya kila mstari panaandikwa kidonge cha kununua.

Hata hivyo sitaki uelewe kwamba upungufu ni hadithi tu. Kuna utafiti uliofanyika Marekani uitwao SHEP, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 1991. Watu 4,736 wenye umri wa miaka 60 na kuendelea, ambao namba ya juu ya presha yao ilikuwa imepanda, waligawanywa, wengine wakapewa tiba inayoanza na klothalidoni ya dozi ndogo, wengine kidonge kisicho na dawa. Waliotibiwa walipata kiharusi pungufu kwa asilimia 36. Lakini watafiti waliporudi kuzichambua takwimu hizo, na uchambuzi huo ukachapishwa mwaka 2000, waligundua kwamba wale wachache ambao potasiamu yao ilikuwa imeshuka chini ya 3.5 baada ya mwaka mmoja wa tiba hawakuonekana kupata kinga ya moyo na mishipa waliyoipata wenzao. Kwangu mimi, matokeo hayo mawili yakisomwa pamoja yanasema kwamba dawa inaokoa maisha na kwamba potasiamu ya mtumiaji inapaswa kupimwa. Mgonjwa aliyeandikiwa dawa ya aina hii kisha akakaa miaka miwili bila kupimwa ametendewa nusu ya kazi, na hilo halikuwa kosa lako.

Turudi kwenye miguu yako. Kubanwa kwa misuli usiku ni jambo la kawaida sana baada ya umri wa miaka 50, hata kwa watu wasiomeza dawa yoyote. Dawa za kukojoza zinaweza kuchangia, na potasiamu, magnesiamu au sodiamu iliyoshuka inaweza kuwa sababu, hivyo hatutalipuuza. Lakini tafiti zilizowapa magnesiamu wazee wanaobanwa na misuli usiku hazikuonyesha nafuu ya maana kuliko kidonge kisicho na dawa. Kwa mtu ambaye magnesiamu yake imepimwa na kuonekana iko chini, kumwongezea ni tiba. Kwa mtu ambaye hajapimwa, ni bahati nasibu ambayo mara nyingi huishia kwenye kuharisha, kwa kuwa magnesiamu hulegeza tumbo, na kwa mwenye figo dhaifu huweza kurundikana mwilini. Wakati ukisubiri vipimo, jaribu kunyoosha misuli ya shavu la mguu kabla ya kulala: simama umeelekea ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino kikiwa chini, kisha egemea mbele polepole mpaka uhisi misuli inavutika, ukae hivyo kwa nusu dakika, na urudie mara chache kila mguu. Ukibanwa usiku, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako badala ya kuvisukuma chini.

Ganzi na nyayo kuwaka moto ni suala jingine, na hapa nadhani dawa za presha zimebebeshwa mzigo usio wao. Sababu ya kwanza ya kufikiriwa ni kisukari chenyewe, ambacho huharibu mishipa ya fahamu kuanzia vidoleni. Ya pili ni metformini. Dawa hii hupunguza ufyonzwaji wa vitamini B12 tumboni, na anayeitumia kwa miaka mingi, hasa kwa dozi kubwa, anaweza kuimaliza akiba yake polepole bila kujua. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwakumbusha madaktari wapime B12 kwa mtumiaji wa metformini mwenye dalili za upungufu, na wafikirie kuwapima mara kwa mara walio katika hatari. Upungufu huo ukigunduliwa mapema, kuongezewa B12 huzuia uharibifu kuendelea na mara nyingi hurudisha hali; ukiachwa muda mrefu, ganzi inaweza kubaki. Katika vidonge vinne ulivyonunua hakuna hata kimoja chenye B12, kirutubisho ambacho, kwa maelezo uliyonipa, ndicho ninachokishuku zaidi. Usiiache metformini kwa sababu hiyo. Kinachohitajika ni kupima na, ikibidi, kuongeza. Na kama pia unatumia omeprazoli kwa ajili ya kiungulia, mwambie daktari, kwa kuwa ikitumiwa kwa muda mrefu hushusha magnesiamu na kupunguza B12, na watu wengi huisahau wanapotaja dawa zao.

Kuhusu kuacha dawa ili mwili upumzike, jibu langu ni hapana. Presha haipumziki kwa sababu umeacha kidonge. Itapanda ndani ya siku au wiki chache, kwa kawaida kimyakimya, na mwenye presha na kisukari kwa pamoja ana hatari kubwa zaidi ya kiharusi, mshtuko wa moyo na figo kuharibika. Madini yaliyopungua hurekebishwa ndani ya wiki chache. Kiharusi huacha ulemavu. Losartani kwa upande wake inalinda figo za mwenye kisukari ambaye protini imeanza kuonekana kwenye mkojo, na hiyo ni sababu nyingine ya kutoiacha kwa hiari yako.

Iwapo vipimo vitaonyesha kwamba kweli potasiamu imeshuka, njia ziko kadhaa na kila moja ina gharama yake. Kupunguza haidroklorotiazaidi kutoka miligramu 25 hadi 12.5 mara nyingi hutosha, kwa kuwa hasara ya potasiamu hutegemea sana dozi, ingawa presha itabidi ifuatiliwe na pengine amlodipini kuongezwa. Kupunguza chumvi na kula zaidi jamii ya kunde, mboga za majani na matunda ni njia nzuri kwa mtu ambaye figo zake ni nzima. Kwa mwenye figo zilizochoka, mlo huohuo unaweza kuzidisha potasiamu, kwa hiyo nao usubiri majibu. Kuongeza spironolaktoni kidogo kunawezekana kwa baadhi ya wagonjwa, lakini ukiwa kwenye losartani kunahitaji kupimwa kwa ukaribu. Kidonge cha potasiamu kilichoandikwa na daktari ni njia halali kwa muda, kimezwe na chakula na bilauri kamili ya maji, mtu akiwa amekaa au kusimama, kwa sababu kikikwama njiani huunguza koo la chakula. Na kama potasiamu imeshuka sana licha ya losartani, mimi nisingeishia kuijaza tu. Ningeuliza kama tezi za juu ya figo zinatengeneza aldosteroni kupita kiasi zenyewe, hali ambayo ni chanzo cha presha kwa watu wengi kuliko ilivyodhaniwa zamani, na ambayo ina vipimo na tiba yake mahsusi.

Nenda kituo cha afya ndani ya wiki hii au ijayo, ukiwa umebeba maboksi ya dawa zako zote pamoja na vile vidonge vinne. Omba upimwe sodiamu, potasiamu, kreatinini ya kuonyesha kazi ya figo, magnesiamu, kalsiamu, vitamini B12, wingi wa damu, kipimo cha sukari cha miezi mitatu na protini kwenye mkojo. Wakati wa kutolewa damu usikunje na kukunjua ngumi mara nyingi, na kama mkono utafungwa kwa mpira kwa muda mrefu au sampuli itacheleweshwa sana kufika maabara, fahamu kwamba potasiamu inaweza kusomeka juu kuliko ilivyo mwilini. Jibu la kushangaza kwa mtu asiye na dalili linastahili kurudiwa upesi kabla ya kubadilisha tiba. Omba pia miguu yako ichunguzwe, hisia zake na mapigo ya mishipa yake, maana maumivu ya mashavu ya miguu yanayokuja ukitembea na kuisha ukisimama hutokana na mishipa ya damu kuziba, wala hayatibiwi kwa madini.

Diklofenaki iache sasa. Ikiunganishwa na losartani na dawa ya kukojoza kwa wakati mmoja inaweza kuziumiza figo ghafla, hasa siku ambazo umeharisha, umetapika au hujanywa maji ya kutosha. Kwa magoti, parasetamoli kwa kipimo chake, mazoezi ya kuimarisha misuli ya mapaja na, panapopatikana, dawa ya kupaka ni mwanzo salama zaidi. Na ukipatwa na kuharisha au kutapika kwa zaidi ya siku moja, wasiliana na wahudumu wako wa afya siku hiyohiyo, kwa sababu mara nyingi kidonge chako cha asubuhi na metformini husimamishwa kwa muda mfupi mpaka utakapokula na kunywa kawaida.

Usisubiri miadi, nenda hospitali moja kwa moja, ukihisi moyo unadunda bila mpangilio, ukizimia au kukaribia kuzimia, miguu ikilegea kiasi cha kushindwa kuinuka, ukianza kuchanganyikiwa au kupata degedege, kifua kikibana, au pumzi ikikata. Shavu la mguu mmoja likivimba, likiuma na kuwa la moto, nenda siku hiyohiyo pia, maana hilo linaweza kuwa damu iliyoganda ndani ya mshipa.

Majibu yakitoka, potasiamu iliyo kati ya 3.5 na 5.0 ikiambatana na figo nzima ina maana kwamba kidonge chako cha asubuhi kinabaki kama kilivyo, vile vya potasiamu na kalsiamu havihitajiki, na kipimo kirudiwe angalau mara moja kwa mwaka, au ndani ya wiki mbili hadi nne kila dozi inapobadilishwa. Ikiwa kati ya 3.0 na 3.4, daktari arekebishe kwa mojawapo ya njia nilizotaja kisha akupime tena baada ya wiki chache. Ikiwa chini ya 3.0, au ikafika 6.0 na zaidi, hilo ni la kushughulikiwa hospitali siku hiyohiyo, kukiwa na kipimo cha umeme wa moyo, hata kama unajisikia mzima kabisa.